UZI: Lincoln ya East St. Louis, sekondari iliyofungwa mwaka 1998, na wanariadha waliotoka humo

#1. Mpenda Tartani (mleta uzi)

Wanajukwaa, nawasalimu nyote.

Kila yanapofika mashindano ya dunia ya riadha, hapa jukwaani tunaitaja rekodi ya pointi 7,291 za heptathloni, yaani shindano la michezo saba, ambayo Mmarekani Jackie Joyner-Kersee aliiweka kwenye Olimpiki ya Seoul tarehe 24 Septemba 1988, na ambayo mpaka leo hakuna mwanamke aliyeifikia. Tunaitaja kama ajabu iliyodondoka kutoka mbinguni. Sijaona hata mara moja mtu akiitaja shule iliyomlea mwanamke huyo, ambayo ilikuwa sekondari ya umma ya watoto wa makabwela iitwayo Lincoln, katika mji wa East St. Louis, jimbo la Illinois. Shule hiyo ilifungwa mwaka 1998 kwa kuunganishwa na sekondari nyingine ya mjini humo, miaka kumi tu baada ya Seoul, na katika mwaka uleule ambao Jackie mwenyewe alistaafu.

Nianze na mji, kwa kuwa wengi huuchanganya na jirani yake. East St. Louis uko ukingo wa mashariki wa mto Mississippi. Ukisimama pale unaliona tao la chuma la St. Louis, lenye kimo cha mita 192, ng'ambo ya mto, na huko tayari ni jimbo jingine, Missouri, lenye serikali yake na kodi zake. Mji huu ulikuwa wa reli, machinjio na viwanda vya nyama, na mnamo 1950 ulikuwa na wakazi zaidi ya 80,000. Kiwanda cha nyama cha Armour kilifungwa mwaka 1959, vingine vikafuata, na sensa ya 2020 ilikuta watu wasiofika 20,000. Historia yake ina damu pia: Julai 1917 watu weusi waliuawa mitaani na kuchomewa nyumba zao, na hesabu rasmi ya watu weusi 39 na weupe 9 inaaminika kuwa ndogo mno kuliko ukweli.

Lincoln ilikuwa shule ya watoto weusi wa mji huo, katika jimbo ambalo sheria yake ilikuwa imekwisha kukataza ubaguzi wa shule tangu karne ya 19 lakini halikuifuata. Mpiga tarumbeta Miles Davis alisoma hapo kabla ya kuhamia New York mwaka 1944, na ni mwalimu wa muziki wa mji huo, Elwood Buchanan, aliyemfundisha kupuliza. Namtaja kwa sababu habari yake inafanana na ya wanariadha nitakaowaeleza: katikati ya uhaba wa kila kitu anakuwapo mwalimu mmoja anayeijua kazi yake na asiyechoka na watoto wa watu.

Sasa Jackie. Alizaliwa tarehe 3 Machi 1962 na wazazi waliooana wakiwa bado watoto, akakulia mtaa wa Piggott, karibu kabisa na kituo cha vijana cha jamii ambako alianza riadha akiwa na umri wa miaka tisa hivi. Mbio zake za kwanza za mashindano alimaliza wa mwisho. Kisha akaupenda mchezo wa kuruka chini, na kwa kuwa nyumbani hapakuwa na pa kurukia, aliwashawishi wadogo zake waende naye bustani ya jirani wakiwa na mifuko mitupu ya krispi za viazi, wajaze mchanga, waubebe hadi nyumbani na kuumwaga mbele ya baraza. Fikirieni mfuko wa krispi unabeba mchanga kiasi gani, na ni safari ngapi zinahitajika hadi mchanga huo uweze kumpokea mtu anayetua. Walikwenda na kurudi mpaka lundo likatosha, naye akawa anapanda ukingo wa baraza na kujirusha.

Mtu aliyemwona na kumshika mkono ni kocha Nino Fennoy. Hapa lazima niwakumbushe wakati wenyewe ulikuwa upi. Sheria ya Marekani iliyozitaka shule zinazopokea fedha za serikali zisiwabague wasichana, hata kwenye michezo, ilipitishwa mwaka 1972. Mashindano ya kwanza ya riadha ya wasichana wa sekondari kwa jimbo zima la Illinois yalifanyika mwaka 1973, na ya mpira wa kikapu mwaka 1977. Maana yake ni kwamba Jackie alipokuwa na miaka kumi mlango ndio kwanza unafunguliwa, na alipoingia Lincoln tayari alimkuta mtu anayejua kumpitisha mlangoni. Angezaliwa miaka minane mapema, katika mtaa uleule na kwa miguu ileile, jimbo lisingekuwa na mashindano ya kumpeleka. Akiwa Lincoln alicheza voliboli, mpira wa kikapu na riadha, na tangu umri wa miaka 14 alitwaa ubingwa wa taifa wa vijana wa pentathloni, yaani shindano la michezo mitano, mara nne mfululizo. Mwaka 1980 alipata ufadhili wa kwenda Chuo Kikuu cha UCLA, California, na ufadhili huo ulikuwa wa kikapu.

Kaka yake, Al Joyner, naye alitoka Lincoln, na siku ninayoipenda kuliko zote katika habari hii ni tarehe 4 Agosti 1984, kwenye Olimpiki ya Los Angeles. Al alikuwa kwenye miruko mitatu na dada yake alikuwa akimalizia siku ya pili ya heptathloni, uwanja mmoja, jioni moja. Al aliruka mita 17.26 na kuongoza. Jackie, aliyekuwa na maumivu ya msuli wa paja, alibakiwa na mita 800 tu, na dhahabu ilikuwa mikononi mwake kama angekimbia vizuri. Alipofika kwenye kona, Al alikuwa ndani ya uwanja akikimbia sambamba naye kando ya njia, akimpigia kelele asilegeze mikono. Jackie alikosa dhahabu kwa pointi 5: Glynis Nunn wa Australia 6,390, yeye 6,385. Al alishinda. Jackie alilia, na alipoulizwa alisema kwamba machozi yale yalikuwa ya furaha kwa ajili ya kaka yake. Watoto wawili wa nyumba moja, wa sekondari moja ya mji ambao Wamarekani wengi hawathubutu hata kupita ndani yake, walikuwa na dhahabu na fedha siku moja.

Miaka minne baadaye ikaja Seoul. Naandika takwimu zote saba kwa ajili ya vijana ambao hawakuwahi kuziona: mita 100 kuruka viunzi sekunde 12.69, kuruka juu mita 1.86, tufe mita 15.80, mita 200 sekunde 22.56, kuruka chini mita 7.27, mkuki mita 45.66, na mita 800 kwa dakika 2 na sekunde 8.51. Siku tano baadaye alirudi kwenye kuruka chini peke yake akachukua dhahabu ya pili kwa mita 7.40. Ile 7.27 aliyoiruka katikati ya michezo saba, akiwa ameshakimbia, ametupa na amechoka, ingempa medali katika fainali nyingi za wale ambao kazi yao ni kuruka chini tu.

Hoja yangu katika uzi huu ni moja. Lincoln haikutoa mabingwa kwa utajiri wala kwa viwanja, bali kwa walimu waliokaa pale miaka mingi na kwa mtaa uliokuwa na mahali pa kumpeleka mtoto baada ya masomo. Na wale walioifunga walihesabu wanafunzi na majengo, ilhali hivyo vingine havina safu kwenye hesabu yao. Karibuni tujadili.

#2. Mwalimu Mstaafu

Ndugu mleta uzi, umeandika vizuri na nimejifunza mengi. Hata hivyo naomba nipingane nawe kwa heshima, kwa sababu nimefundisha masomo na michezo katika shule za sekondari kwa miaka 31 na nimekaa kwenye vikao vya namna hiyo.

Kwanza, umesema mwenyewe kwamba mji ulitoka watu zaidi ya 80,000 ukaporomoka hadi chini ya robo. Sekondari mbili za mji huo zingekuwa na madarasa matupu, paa mbili za kukarabati, wakuu wa shule wawili, na fedha za shule moja. Ungekuwa wewe mwenye kalamu ungefanyaje? Pili, naona umeijenga hoja yako juu ya ndugu wawili wa tumbo moja. Vipaji vya ukoo vipo, tumeviona hata kwetu, na shule inaweza kusifiwa kwa jambo ambalo ni la damu.

#3. Mpenda Tartani

Mwalimu, shikamoo. Nashukuru kwa kunipinga kwa hoja, na nitajibu zote mbili.

Kuhusu fedha, ni kweli mji ulikuwa umefilisika, lakini ni muhimu kujua ulifilisika vipi, maana haikuwa kwa watu kuhama peke yake. Shule za umma za Illinois hutegemea sana kodi ya ardhi na majengo inayokusanywa palepale zilipo. Ukiwa na nyumba nzuri na viwanda ndani ya mpaka wako, shule zako zinapata. Usipokuwa navyo, unaweza kuwatoza wakazi wako kwa kiwango cha juu kabisa na bado usipate kitu. Sasa tazama ramani ya pale. Viwanda vikubwa vya eneo hilo vilijitengenezea vijiji vyao vyenye hadhi ya kisheria, pembeni kabisa mwa mji. Machinjio yalikuwa National City. Kiwanda cha kemikali cha Monsanto kilikuwa na kijiji chake tangu 1926, kilichoitwa Monsanto na baadaye Sauget. Moshi ulivuka mpaka na kuingia kwenye vifua vya watu wa East St. Louis, lakini kodi haikuvuka.

Matokeo yake ni haya. Mwaka 1987 huduma ya kuzoa taka mjini ilisimama. Mwaka 1990 jaji aliamuru mtu aliyeumizwa akiwa mahabusu apewe jengo la makao makuu ya mji, kwa kuwa manispaa haikuwa na fedha za kumlipa fidia. Uamuzi huo ulitenguliwa baadaye, lakini jambo lenyewe lilifika mahakamani na likaandikwa. Mwaka 1994 jimbo liliweka jopo la kusimamia fedha za shule za mji huo, na miaka minne baadaye Lincoln ikafungwa. Kwa hiyo, Mwalimu, ningekuwa mimi mwenye kalamu huenda nami ningeona hakuna njia nyingine. Ila nisingesema kwamba ni kwa sababu watoto walipungua, nikaishia hapo.

Kuhusu ukoo, ndiyo sababu nilikuwa nimeyaacha ya kikapu yawe ya baadaye. Timu ya wavulana ya Lincoln, chini ya kocha Bennie Lewis, ilitwaa ubingwa wa jimbo la Illinois katika daraja la shule kubwa mwaka 1982, kisha 1987, 1988 na 1989. Hakuna shule iliyokuwa imewahi kuutwaa mara tatu mfululizo. Illinois ni jimbo la Chicago, kumbuka, lenye shule kubwa zilizojaa vijana warefu. Fainali ya 1989 dhidi ya Peoria Central ilihitaji muda wa nyongeza mara tatu. Hao hawakuwa ndugu wa tumbo moja. LaPhonso Ellis, aliyekuwamo mwaka 1987 na 1988, alikwenda Chuo Kikuu cha Notre Dame, na mwaka 1992 alikuwa wa tano kuchaguliwa katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, ligi ya kikapu ya kulipwa ya Marekani, akachukuliwa na timu ya Denver Nuggets. Cuonzo Martin, aliyekuwamo 1988 na 1989, alikwenda Chuo Kikuu cha Purdue, akacheza NBA, akaugua saratani ya tezi za limfu mwaka 1997 akapona, kisha akawa kocha wa vyuo vikuu vya Tennessee, California na Missouri.

Tafadhali weka miaka hiyo juu ya ile niliyoitaja hapo kabla. Taka ziliacha kuzolewa mwaka 1987, na mataji matatu ni ya 1987 hadi 1989. Vijana wale walikuwa wakienda mazoezini wakipita kando ya marundo, wanarudi na kombe, na marundo bado yapo.

#4. Mama Zuhura

Habari zenu ndugu zangu. Mimi naishi upande wa Missouri, na daraja la kwenda East St. Louis nalivuka mara kwa mara. Naomba kuongeza mambo mawili.

La kwanza ni la kihistoria, na linamhusu Al. Alipotwaa dhahabu ya miruko mitatu mwaka 1984, alikuwa Mmarekani wa kwanza kuushinda mchezo huo katika Olimpiki tangu mwaka 1904. Olimpiki ya 1904 ilifanyika wapi? Hapahapa St. Louis. Yaani dhahabu ya mwisho ya Marekani katika mchezo huo ilipatikana ng'ambo tu ya mto, na ilipita miaka 80 mpaka ilipofuatwa na kijana aliyezaliwa upande wa pili wa mto uleule. Watu wa hapa wakikusimulia jambo hili huonyesha kwa mkono, kule na huku.

La pili ni kile kituo cha vijana alichokitaja mleta uzi. Kituo kile kilifungwa nacho kwa kukosa fedha. Jackie aliposikia, alianza kuchangisha, na mwaka 2000 kikafunguliwa kituo kipya mjini humo chenye jina lake. Mwanamke huyu alikwisha pata medali sita za Olimpiki, tatu za dhahabu, angeweza kuishi California na kuja kutembea tu. Alirudi. Ukienda jioni za siku za shule unakuta watoto wanashushwa na mabasi, mabegi mgongoni, wanaingia mbio. Ninaposoma hoja yako kwamba mtaa unahitaji mahali pa kumpeleka mtoto baada ya masomo, naona yeye mwenyewe alifikia uamuzi huohuo, na aliweka fedha na muda wake hapo badala ya kuweka sanamu.

#5. Bint Kisauni

Nawasalimu wakubwa zangu. Nina swali moja. Shule ilipofungwa mwaka 1998, yule kocha Fennoy alikwenda wapi? Maana kama hoja ni walimu na si jengo, basi habari yake baada ya hapo ndiyo itakayoonyesha kama hoja inasimama.

#6. Mpenda Tartani

Dada, hilo ndilo swali nililokuwa nikilingoja, na jibu lake ndilo lililonifanya nianzishe uzi.

Alihamia kwenye shule iliyobaki, East St. Louis Senior, akaendelea kufundisha riadha. Sasa fuatana nami kwa miaka. Sekondari ya Marekani huwa ya miaka minne. Msichana mmoja wa mji huo, Dawn Harper, alimaliza East St. Louis Senior mwaka 2002, maana yake aliingia katika msimu uleule ambao Lincoln ilikuwa imefungwa milango. Mtu aliyemkuta uwanjani ni Nino Fennoy. Alimfundisha kuruka viunzi, naye akaenda UCLA, kisha akawa chini ya Bob Kersee, kocha aliyemfundisha Jackie na ambaye ni mumewe Jackie. Mwaka 2008 Beijing, Dawn Harper alitwaa dhahabu ya Olimpiki ya mita 100 kuruka viunzi kwa sekunde 12.54. Mwaka 2012 London alikimbia kwa sekunde 12.37, kasi zaidi kuliko ile ya dhahabu yake, akapata fedha nyuma ya Sally Pearson aliyekimbia 12.35.

Mji wenye watu wachache kuliko kata nyingi za Dar es Salaam, sekondari mbili tofauti, wasichana wawili waliopishana miaka 22, na mabingwa wote wawili wa Olimpiki wamepita kwa mwalimu mmoja. Ndiyo maana nimesema hoja si ya ukoo, Mwalimu. Harper si ndugu wa akina Joyner. Aliyehama kutoka jengo moja hadi jingine ni mtu mmoja mwenye saa ya kupimia na macho ya kumtambua mtoto.

#7. Mwalimu Mstaafu

Marahaba, kijana wangu. Hoja ya ukoo naiondoa. Umenishinda kwa mfano wa huyu Harper.

Lakini unaona umejiingiza kwenye mtego mwingine? Kama mwalimu alihama na watoto, na dhahabu ikaendelea kuja, basi kufungwa kwa Lincoln hakukudhuru kitu. Jina lilipotea, kazi ikaendelea. Kwa nini basi tulie?

#8. Mpenda Tartani

Mwalimu, nimelala na swali lako usiku mzima.

Nakubali kwamba kilichohamishika kilihamishwa, na nawapongeza walioweza. Kisichohamishika ni nafasi. Timu ya kikapu ya sekondari ina wachezaji kumi na wawili hadi kumi na watano, na watano tu ndio wanaoanza mchezo. Ukiwa na shule mbili una timu mbili, wavulana thelathini wenye jezi na wasichana thelathini wenye jezi. Ukiunganisha, darasa linaweza kupanuliwa na kuongezwa madawati, lakini timu haipanuki. Inabaki ileile ya kumi na watano. Nusu ya watoto ambao wangevaa jezi wanakuwa watazamaji. Vivyo hivyo kwenye riadha: katika mashindano ya jimbo kila shule ina idadi yake ya wakimbiaji inayoruhusiwa kwa kila mchezo, na shule moja haipewi idadi ya shule mbili.

Mabingwa kama Harper huenda wangepenya hata kama kungekuwa na nafasi tatu tu. Ninaowafikiria ni wale wa kumi na sita hadi wa thelathini. Rudi kwa Jackie: mbio zake za kwanza alikuwa wa mwisho. Mtoto wa mwisho ndiye anayekatwa wa kwanza orodha inapofupishwa. Kilichomwokoa ni kwamba alianza mapema, mahali ambapo aliyekuwa wa mwisho aliruhusiwa kurudi kesho yake.

Kuna jambo jingine, ingawa sina namna ya kulipima. East St. Louis Senior nayo ilikuwa na fahari yake, hasa mpira wa miguu wa Kimarekani. Kellen Winslow, aliyeingizwa kwenye jumba la heshima la mchezo huo, alitoka pale. Shule hizo mbili zilikuwa majirani na wapinzani. Kijana wa Lincoln alikuwa na mtu wa kumshinda ndani ya mji wake, umbali wa kutembea kwa miguu, mbele ya shangazi na binamu waliogawanyika pande mbili za ukumbi. Mechi hiyo haipo tena. Mpinzani sasa anatoka mbali kwa basi. Jina la Lincoln limebaki kwenye shule ya kati ya mji, na mataji manne ya kikapu yamo kwenye vitabu vya jimbo, lakini hakuna mtoto anayeweza kuingia kwenye timu ile na kusema nataka la tano.

#9. Mama Zuhura

Kaka, hilo la binamu kugawanyika pande mbili ni kweli kabisa. Nimekutana na watu wazima wa East St. Louis ambao ukiwauliza wametoka wapi hawataji mtaa, wanakwambia mimi ni wa Lincoln, na mwingine aliye pembeni anadakia kwamba yeye ni wa Senior, na mazungumzo yanaanza upya kana kwamba mechi ni Ijumaa hii.

#10. Mwalimu Mstaafu

Mpenda Tartani, hoja ya nafasi sikuwahi kuiweka mezani katika vikao vyangu vyote, na sasa inanisumbua.

Niliwahi kufundisha shule ambayo iliunganishwa na jirani yake, sitaitaja. Katika kikao tulijadili madawati, vyoo na nyumba za walimu. Timu za michezo zilipewa mstari mmoja: zitaunganishwa. Msimu uliofuata nilikuwa na wasichana wengi kuliko kawaida siku ya kuchagua timu ya mbio za kupokezana vijiti, nikachagua wanne na wawili wa akiba, kama kanuni inavyotaka, na wengine nikawaambia wajaribu mwakani. Sikumbuki hata mmoja wao aliyejaribu mwakani. Wakati ule niliona ni uvivu wao.

Ninayo kaunta buku ya miaka hiyo, yenye majina na muda wa kila msichana niliyempima, wa shule yangu na wa ile ya jirani tuliyokuwa tukishindana nayo kabla ya muungano. Iko kwenye sanduku juu ya kabati, jalada lake limeliwa na mchwa upande mmoja lakini kurasa zinasomeka. Kesho nitamwomba mjukuu wangu aishushe, nihesabu walikuwa wangapi kabla na wangapi baada, kisha nitarudi hapa kuweka idadi zote mbili.